Makhanu na Safu ya Tatu

Ilikuwa miaka ambayo Kakamega nzima ilinuka sukari, na kila aliyeionja alianza kuongea Kiingereza. Mtu alivuna muwa wake wa kwanza, akanunua koti, redio na viatu vya kisigino, na kufika jioni alikuwa akiwaambia ng'ombe wake "come on, come on." Ng'ombe hawakuelewa, lakini walimheshimu. Muwa ulipandwa hadi kwenye ua wa kanisa. Kuna padre aliyeweka mistari miwili nyuma ya choo, akasema ni ya Bwana.

Elkanah Makhanu, mtu wa Khwisero, hakuwa na shamba wala koti. Alikuwa mkataji wa kampuni. Misimu tisa aliinamia muwa wa wenzake, na sasa mgongo ulikuwa umeanza kufanya mgomo. Daktari alimtazama, akamgonga hapa na pale, akasema, "Mzee, huu uwe msimu wa mwisho. Ukiendelea kuinama, utabaki hivyo hivyo. Hata jeneza tutakutafutia lililopinda."

Kuacha kukata kulikuwa kuacha nyumba ya kambi, kumtoa binti yake Namalwa shuleni, na kurudi Khwisero kukaa kwenye boma la kaka yake kama mgeni asiyeondoka. Mlango mmoja tu ndio ulibaki wazi. Hedimani, msimamizi wa kikosi chao, alikuwa anastaafu. Hedimani hainami. Hutembea na daftari, na kila siku huandika ripoti ya Kiingereza kwenda ofisini.

Ripoti ndiyo iliyokuwa shida. Aliyewahoji watu wa kazi hiyo alikuwa Bwana Kibiwott, afisa wa wafanyakazi, na Bwana Kibiwott alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: vitenzi vya Kiingereza visivyofuata sheria. Hakukuuliza umesoma wapi. Alikuuliza safu ya tatu, ile inayokuja baada ya "has" na "have." Wanaume wenye ndevu waliingia kwake wakasema "I have went," wakatoka wakiwa wakataji milele.

Ukweli usemwe, Mwingereza ndiye mwenye makosa. Alianza vizuri, akabandika "-ed" kila mahali kama mtu mwenye akili. Kisha katikati ya kazi akaenda kunywa, akarudi na "go, went, gone," kitenzi kinachobadilisha jina kila kikivuka mto kama mtu anayekimbia polisi.

"Mama Namalwa," Makhanu alimwambia mkewe, "nifundishe hii Kiingereza ya Kibiwott."

Rosebella Awinja alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alikuwa amefika Fomu Tu ya sekondari kwa masista, kabla baba yake hajaamua kwamba mtu wa kuolewa ameshasoma vya kutosha. Jedwali lote alikuwa nalo kichwani, safu tatu, kutoka "arise" mpaka "write." Miaka kumi na nne lilikaa humo bila mtu wa kulitumia.

Masomo ya nyumbani yalikufa mapema. Mtu aliyekata muwa tangu alfajiri, akashiba obusuma, ugali wa kwao, si mwanafunzi, ni gunia.

"Baba Namalwa, sema. Begin, began..."

"Begin, began... Bungoma."

"Lala tu, bwana wangu. Lala."

Rosebella mwenyewe alikuwa akipalilia kitalu cha jirani. Siku moja alimpelekea mumewe uji, akasimama kumwangalia akikata. Makhanu alipiga chini shina likakatika, akapiga juu kichwa kikaanguka, kisha akautupa muwa mstarini. Chini, juu, tupa. Chini, juu, tupa. Mara tatu kila muwa, na muwa haukuwa na mwisho.

"Wewe!" aliita. "Ukipiga chini sema *take*. Ukipiga juu sema *took*. Ukitupa sema *taken*."

"Watu watasema nimeshikwa na pepo."

"Si wamekuwanga wakisema? Kata!"

Akakata. *Break, broke, broken*, muwa mstarini. *See, saw, seen*, mwingine. Kufika saa sita alikuwa amemaliza vitenzi ishirini na mistari mitatu. Wenzake walicheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kuitikia, kwa sababu kazi iliyo na mdundo haichoshi sana. Kitenzi walichokipenda kuliko vyote kilikuwa *cut, cut, cut*. Walisema hapo angalau Mwingereza alimhurumia mkataji.

Mpinzani wake alikuwa Osundwa, kijana wa Fomu Foo aliyepanga chumba Shirere, kola nyeupe, nywele zimegawanywa kwa rula. Siku ya mahojiano walikaa benchi moja nje ya ofisi.

"Profesa Makhanu," Osundwa alisema, "umekuja kufagia ama kuhojiwa?"

"Nimekuja kuona kola yako, mwanangu. Nilisikia imefika kabla yako."

Osundwa aliingia, akakaa dakika kumi, akatoka akitabasamu. Makhanu akaitwa.

"Sit down," Kibiwott alisema. "Nipe safu ya tatu. *Take. Bite. Break.*"

Makhanu alikaa. Mikono aliiweka magotini, na ikawa kama vitenzi vyote vimebaki shambani. Alitafuta "take," akapata jasho. Alitafuta "break," akapata jasho zaidi. Kibiwott akaanza kufunga faili.

"Bwana," Makhanu alisema haraka, "mimi husema nikiwa nimesimama. Na nikiwa na panga."

"Panga? Ofisini kwangu?"

"Hata huo mwavuli utafaa."

Sijui ni udadisi au ni uchovu, lakini Kibiwott alimpa mwavuli wake. Makhanu aliinama. Chini, *take*! Juu, *took*! *Taken*, na mwavuli ukatua juu ya kabati la faili. Aliuendea akiomba radhi, na mara hii akaushika vizuri. *Bite, bit, bitten. Break, broke, broken.* Vikaja vyote, vimenyooka, hadi karani wa chumba cha pili akachungulia.

"Inatosha," Kibiwott alisema, akisogeza kikombe chake cha chai mbali. "Hayo ni ya kasuku. Sasa nipe ripoti. Wiki hii shambani kumetokea nini?"

Makhanu alivuta pumzi. Akasema polepole, mwavuli ukienda chini na juu kidogo kidogo: "Block seven has been cut. Two trailers have gone. One has broken. It has lain in the ditch four days, and the cane has begun to rot. Sifuna has been bitten by a snake."

Kibiwott aliinuka. "Amekufa?"

"No, Bwana. He has eaten."

Kibiwott hakucheka. Alichukua daftari la hedimani anayestaafu, akafunua kurasa. Jumatatu: *All is well.* Jumanne: *All is well.* Akarudi nyuma mwezi, miezi, mwaka. *All is well.* Akafungua madaftari ya vikosi vingine, na huko nako mambo yalikuwa shwari hadi jalada la mwisho.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia kuhusu trela?"

"Wanakuogopa, Bwana. Mtu akiandika trela imevunjika, lazima afike safu ya tatu. *All is well* haina safu."

Mtu mwenye ugonjwa hapendi kuambiwa ndiye aliyeuleta. Lakini Kibiwott, tumpe haki yake, alitazama yale madaftari, akatazama mwavuli, akasema, "Osundwa anajua vitenzi vyote. Nimemwuliza mkataji anamaliza mistari mingapi kwa siku, akanijibu inategemea. Wewe anza Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio. Nani amekufundisha?"

"Mke wangu."

"Mwambie aje. Nina mahedimani kumi na mmoja ambao kwao kila kitu ni shwari. Tutamlipa kama mwalimu."

Makhanu alifika nyumbani karibu anakimbia, mgongo na vyote. Rosebella alisikiliza habari yote akichambua mchicha.

"Wanaume kumi na mmoja?" aliuliza hatimaye.

"Kumi na mmoja."

"Basi nitafutie vile viatu vyangu vya kanisa. Na uwaambie waje bila panga, nitawafundishia darasani kama watu."