Niliyoyaandika Kuhusu Kichwa cha Baba

Fomu ilikuwa na maswali mengi ya kawaida: umezaliwa wapi, umesoma wapi, nani atakudhamini. Swali gumu lilikuwa la mwisho. Chuo cha ng'ambo kilitaka nieleze, kwa kurasa zisizozidi mbili, kwa nini nataka kusoma sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa nini wanipe mimi nafasi ambayo madaktari wa nchi nyingi walikuwa wakiigombea. Nilikaa na swali hilo wiki tatu. Kisha nikaandika habari za baba yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa daktari kijana hospitalini Mpanda, mwanamke pekee kati ya madaktari, na wagonjwa waliponiona na koti jeupe waliniomba niwaitie daktari. Wazazi wangu waliishi Kakese, mwendo wa baiskeli kutoka mjini, wakilima mpunga na mahindi kama walivyolima wazazi wao. Baba alikuwa pia mtu wa nyuki. Kila mwaka alikwenda misitu ya Inyonga kutundika mizinga, akarudi na asali.

Nilipokuwa na miaka mitano aliteleza juu ya mti huko Inyonga, akaanguka, paji la uso likapiga kisiki. Wenzake walimbeba kwa machela. Alilala bila fahamu mpaka padre akaja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Alipoamka alibaki na bonde juu ya jicho la kushoto, la kutosha kuingia kidole gumba, na nyumbani kwetu sote tulijua kwamba mtu aliyekwenda Inyonga siye aliyerudi.

Aliyerudi alinivunja mkono kwa sababu niliacha mbuzi akala mche wa mhogo. Alimng'oa mdogo wangu meno mawili ya mbele kwa mpini wa jembe. Siku moja alimpiga mama kwa mnyororo wa baiskeli, mbele yetu, mpaka mnyororo ukakatika, halafu akavuta kigoda, akakaa, akauliza chakula kiko wapi. Swali hilo la chakula lilinitisha kuliko kipigo chenyewe. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na njaa tu.

"Ni kichwa," mama alituambia, akijikanda mgongo kwa maji ya chumvi. "Baba yenu hana kosa nyie. Ni kile kichwa."

Niliamini. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo baba aliniita mama, hata wakati ananichapa, na mimi nilijifunza kulitazama lile bonde badala ya kumtazama yeye. Miaka mingi baadaye, chuoni Dar es Salaam, mwalimu wetu alichora ubaoni sehemu ya mbele ya ubongo, akasema ikiumia, mtu mpole anaweza kugeuka katili asiyejua kujuta. Niliweka kalamu chini nikalia. Wenzangu walidhani nimepata habari ya msiba.

Na Mpanda niliyaona tena na tena. Mwaka ule niliotuma fomu waliniletea mwanamume wa Kasekese ambaye kaka yake alimpiga panga la kichwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mfupa ulikuwa umebonyea. Mimi na mganga mkuu wa hospitali tuliuinua kipande kwa kipande, wauguzi wawili wakiwa wamembana miguu kwa sababu dawa ya usingizi haikumkolea. Alipona. Wiki ya pili alimuuma muuguzi bega mpaka damu ikatoka, kisha akacheka. Mke wake alisimama mlangoni akaniuliza, "Daktari, huyu ni nani?" Niliandika na swali lake katika kurasa zangu mbili.

Mganga mkuu, mtu mzima wa kwao Tabora, ndiye aliyekubali kuwa mdhamini wangu. Alinichapia maelezo yale kwa mashine ya ofisini, kwa vidole viwili, akaweka kaboni ili nibaki na nakala. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Habari za mzee wako hizi?"

"Ndiyo."

"Mzee mwenyewe anajua?"

"Hajui Kiingereza."

Alizikunja karatasi, akatia bahasha. "Zitakupa nafasi," alisema, lakini hakuonekana kufurahi.

Barua iliondoka na treni ya posta. Jumapili iliyofuata nilikwenda Kakese nikiwa na nakala kwenye mkoba. Nilitaka kumwonyesha mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Tulitoka misani, tukala, kisha nikampa. Aliisoma ameegemea nguzo ya nyumba, polepole, midomo ikichezacheza. Baba alikuwa bado anakula.

"Karatasi hiyo inasema nini?" baba aliuliza.

Nilimtazama mdogo wangu ili atunge jambo lolote. Hakutunga. Aliitafsiri yote, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ile ile ya darasani: mkono wangu, meno yake, mnyororo, mtu mpole aliyegeuka katili. Nadhani aliyangoja maneno yale tangu siku meno yalipomtoka, na sasa alikuwa amepata kinywa cha mtu mwingine cha kuyasemea.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alinawa mikono. Aliinuka, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaenda uani ambako mama alikuwa anapepeta mchele.

"Umewaambia mimi ni kichaa," alisema.

Alimpiga ngumi ya taya, mama akaanguka juu ya ungo. Akampiga teke la ubavu. Akainama, akamshika koo kwa mikono miwili, akamgandamiza chini kama mtu anayekamua nguo. Miguu ya mama ilikuwa inakwangua udongo. Mdogo wangu alisimama pale pale. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini alisimama hivyo hivyo alivyokuwa akisimama alipokuwa na miaka saba, mikono imeshika kaptula isiyokuwepo.

Mchi ulikuwa ndani ya kinu. Niliuchomoa nikampiga baba kisogoni, upande wa kulia. Alimwachia mama, akapiga magoti, akaweka mkono mmoja chini ili asianguke. Nikampiga tena.

Pigo la kwanza lilimwokoa mama. Hilo nililisema wakati ule na hadi leo nalisema. La pili halikuwa na kazi yoyote. Alikuwa ameshaachia, alikuwa amenipa mgongo, na mimi nilikuwa daktari niliyejua vizuri jinsi mfupa wa pale ulivyo mwembamba. Nilinyanyua mchi juu kabisa na nilihisi raha ikinipanda mikononi. Sina neno jingine. Ilikuwa raha.

Alilala kifudifudi kwenye mchele uliomwagika, damu ikimtoka sikioni na nyuma ya kichwa. Mama ndiye aliyeniamsha. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, alisema, "Mwangalie. Mwangalie baba yako."

Nilitupa mchi. Nilimlaza ubavu, nikamfungua macho. Mboni zilikuwa sawa, zote mbili zikisinyaa kwenye mwanga. Nilimwagiza mdogo wangu alete mkoba na maji yaliyochemka, na nilipoona bado amesimama nilimzaba kofi. Nilimshona baba palepale uani, bila ganzi kwa sababu sikuwa nayo, mishono kumi na moja. Kwenye mshono wa nne alifumbua macho. Alinitazama muda mrefu.

"Mama," alisema, "umenipiga."

Alisema kama mtoto anayemshtakia mtu mzima. Niliendelea kushona.

Tulimwingiza ndani, akalala. Mdogo wangu alikaa mlangoni kumlinda asitapike akapaliwa. Mimi nilikaa na mama jikoni kumkanda taya. Ilikuwa imevimba, maneno yakitoka upande mmoja.

"Nisamehe," nilimwambia. "Sikupaswa kuandika haya ya kichwa chake."

"Umeandika kwamba alikuwa mpole?"

"Ndivyo ulivyotuambia."

Aligeuza uso nimkande upande wa pili. Kisha alisema, "Kabla yako kulikuwa na mimba nyingine. Aliitoa kwa teke. Alikuwa hajapanda huo mti."

Niliuliza kwa nini alituficha.

"Nilitaka muwe na baba. Mtu akiambiwa baba yake ni mgonjwa, anaweza kumpenda."

"Kwa hiyo kichwa hakikubadilisha kitu?"

Alifikiri. Mama hakusoma, lakini hakupenda kusema jambo ambalo hakulipima. "Kilibadilisha. Zamani alikuwa ananipiga, halafu jioni analia, anachemsha maji, ananikanda mwenyewe, kama unavyonikanda wewe. Aliporudi kutoka Inyonga aliacha kulia. Ni hilo tu."

Baba alipata homa siku mbili, kisha akaamka na kudai uji. Hakunisemesha tena. Kijijini ilienea kwamba binti daktari amemvunja mzazi wake kichwa, na wanawake niliokuwa nikiwazalisha waliacha kwa muda kunipokea mkono.

Niliporudi mjini nilikwenda ofisini kwa mganga mkuu nikamwomba mashine ya kuchapa. Nilimweleza yote. Aliniacha nimalize.

"Barua imekwisha kwenda," alisema. "Ile ya kwanza ni nzuri. Ina mwanzo, ina sababu. Ukituma nyingine ya kuipinga watakuona huna msimamo."

"Ile ni uongo."

"Si uongo. Uliandika ulichojua." Alisogeza mashine mbali na mimi, kidogo tu, kama mtu anayezuia sahani. "Na hilo la mchi utaliandika pia? Binti yangu, hawa wanatafuta mwanafunzi. Hawatafuti mtu wa kuwatubia."

Niliandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Niliandika kwamba baba alipiga kabla ya kuumia, na kwamba baada ya kuumia alipoteza majuto tu. Niliandika kwamba nami nimempiga mara mbili, na ya pili haikuwa na sababu. Nilikwenda nayo stesheni mwenyewe kwa sababu niliogopa nikiiweka mezani hadi kesho nitaichana.

Miezi ilipita bila jibu. Nilikuwa nimeshajikatia tamaa nilipoitwa Dar es Salaam kuhojiwa na maprofesa wawili wa chuo kile waliokuwa wakipita. Nilisafiri na treni hadi Tabora, nikabadili, nikafika na miguu imevimba. Mmoja wa maprofesa alikuwa mzee, mtulivu, na mbele yake aliweka barua zangu mbili, iliyochapwa na ya mkono, bega kwa bega.

"Zinapingana," alisema.

"Ya pili ndiyo sahihi."

"Baba yako angekuwa mgonjwa wako, ungesema anaumwa?"

"Ningesema ana jeraha. Na ningesema alikuwa anapiga kabla ya jeraha. Jeraha linaanzia wapi na yeye anaishia wapi, sijui. Nimejaribu kuona, sioni. Ndiyo maana nimeomba."

Aliandika kitu. Mwenzake akanyanyua ile ya mkono. "Hili la pigo lako la pili. Hatukukuuliza. Kwa nini ulituambia?"

"Kwa sababu mimi sijawahi kuanguka popote," nilisema.

Walitazamana. Walinishukuru, wakaita mwingine. Kwenye benchi nje walikuwepo vijana kadhaa wenye tai, na nilipowapita niliona hakika kwamba nafasi ni ya mmoja wao.

Barua ya kukubaliwa ilifika wakati wa masika. Hawakueleza kwa nini, na sijawahi kujua ni karatasi ipi kati ya mbili iliyowavuta, au kama walitazama tu alama zangu.

Nilikwenda Kakese kuaga. Baba aliniona nikiingia na baiskeli, akachukua panga lake, akaelekea shambani. Kovu nililomwachia mimi lilionekana nyuma ya kichwa chake, mstari mweupe kati ya mvi. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye mahindi, na nikagundua kwamba tangu nilipoingia nilikuwa nimeyatazama yote mawili, kovu langu na lile bonde, kama mtu anayepima mfupa sokoni.

Nilimwambia mama lililokuwa moyoni. Nilimwambia kwamba baba akifa nikiwa mbali, mganga mkuu anaweza kuja kumfungua kichwa kabla hajazikwa. Ni kazi fupi. Angenitunzia ubongo kwenye dawa. Tungejua hatimaye.

Mama alinipiga kofi. Katika miaka yote ile hakuwahi kuninyanyulia mkono, na alinipiga kwa nguvu hata mdomo ukapasuka kwenye jino.

"Mimi ndiye niliyepigwa," alisema. "Sihitaji kujua."

Kisha alinipangusa damu kwa kanga yake, akanifungia karanga za safari.

Baba alikufa katika mwaka wangu wa pili wa masomo, kwa homa ya mapafu. Barua ya mdogo wangu ilinifikia wiki sita baada ya maziko. Aliandika kwamba padre alikuja, watu walikuwa wengi, na baba alizikwa karibu na shamba la mpunga. Mama hakulia kaburini. Kesho yake asubuhi alishuka majarubani kupandikiza mpunga, akafanya kazi peke yake mpaka jua lilipokaribia kuzama, na walipomfuata wakamkuta bado ameinama, akipandikiza.