Doa la Guku

Leo nilikuwa nasugua sufuria kwa gunzi na majivu, binti yangu akasema, "Mama, doa kama hilo siku hizi hospitali wanaliondoa kwa mwanga tu, wala huumii." Harufu ya majivu yaliyolowa ikanipanda puani.

Nilizaliwa na doa hili la kahawia shavuni, palepale alipokuwa nalo babu, ambaye sikumkuta. Basi kila asubuhi bibi alinipigia goti, mimi mtoto wa kike, akaniamkia, "Guku, umeamkaje?" Guku ni babu kwa Kisukuma. Kisha aligusa doa kwa kidole chake kilichokwaruzwa kwa kuchuma pamba.

Shuleni walinicheka. Siku moja nikajificha nyuma ya zizi, nikalisugua doa kwa gunzi na majivu mpaka damu ikatoka. Bibi akanikuta.

"Guku, unafanya nini?"

"Mimi siyo mume wako! Mume wako alishakufa!"

Hakunipiga. Alinisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kesho yake aliniamkia amesimama, kwa jina langu la shule.

Kidonda kilipona, doa likabaki. Kila asubuhi nilimsogezea shavu. Hakuligusa tena.