Mujukuu wangu alinipa matabishi kwenye harusi yake

Admin, jina langu ulifiche, lakini maneno yangu uyaache vile vile, hata yale makali. Mi ni mama muzee wa hapa Baraka. Miaka yangu imepita makumi saba, hesabu ya kweli sijui, ju wakati nilizaliwa kule Lubondja hakuna mutu aliandika. Shule sikuingia. Jirani yangu njo anaandika huku mi naongea, na nimemukataza kunipamba.

Niko na mujukuu mumoja, nitamwita Furaha, hilo si jina lake. Mama yake alikufa akiwa bado ananyonya, mi njo nilimulea. Kazi yangu ni kupika kwenye harusi na matanga. Bugali ya batu mia, sombe ya majani ya muhogo, samaki mikeke ya kukaanga, baniita mimi. Moshi ile njo ilimusomesha mpaka Uvira.

Sasa musikie desturi yetu. Feti ya harusi ikielekea kwisha, bi harusi anaingia jikoni pamoja na mutu mwenye mikro ya kusemea, anawapa bapishi matabishi, feranga za kushukuru. Bei haiko. Unatoa vile moyo unapenda na vile macho ya batu yanakusukuma. Lakini matabishi ni ya mutu wa kazi. Kama kwenye sufuria kuko mutu wa damu yako, shangazi ao koko, ni kusema bibi yako, huyo haumupe feranga hata moja. Unamufunga kitenge kipya, unamushika mukono, unamutoa mbele ya bageni acheze. Hapo kila mutu anajua nani ni ndugu na nani aliitwa kwa kazi. Hata mulevi wa mwisho pale mulangoni anajua.

Furaha alipochumbiwa na kijana wa familia kubwa, batu ba magari, alikuja akapiga magoti kwangu. "Koko, sitaki mutu mwengine apike kwenye harusi yangu. Ni weye tu." Nikacheka mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakaonekana. Nilifikiri ni upendo. Mahari yakapokelewa Uvira kwa shangazi yake, Furaha akasema ni ju ya miguu yangu, nisiteseke na gari. Nikakubali. Vitenge vya familia vikagawanywa, mi sikupata. Nikajiambia moshi itakiharibu bure. Mutu mwengine angeshaelewa. Mi nilikuwa natwanga sombe na kuimba.

Siku yenyewe, jua likianza kupoa, akaingia na nguo yake nyeupe, mama mukwe wake pembeni. Nilikuwa nimepaka miguu mafuta ju ya kucheza. Nikavua mwenyewe kitambaa cha jikoni, nikasimama. Akapita kwa bapishi benzangu, noti kwa kila mumoja. Akafika kwangu. Macho yake yakabaki kwenye sufuria. Akaniwekea noti mukononi, akasema ndani ya mikro:

"Aksanti, mama mupishi. Mungu akubariki kwa kazi."

Bamama bote bakaacha kazi bakamuangalia, kwani banamujua tangu akiwa anajikojolea mugongoni kwangu. Yule mama mukwe, ambaye si mutu mubaya, akamugusa bega akamwambia: "Muongeze huyu muzee, binti yangu. Naona hana mutu." Na mujukuu wangu akafungua pochi, akaniongeza. Ile noti ya pili njo iliniua.

Mwenzangu mumoja mwenye mudomo akaanza kusema huyu si ni koko wako. Nikamukanyaga muguu. Nikapiga vigelegele kama mupishi anavyofanya akipewa, nikavipiga kuliko bote.

Furaha alikuja kwangu kisha ya harusi, amejifunika uso na shali. Akanieleza kwamba kule kwa bakwe zake alisema hana koko, alilelewa na shangazi muuguzi, ju bale batu bangemucheka. Nikachochea moto. Akaona simuangalii, akasema: "Lakini nilikupa nyingi kuliko bengine, koko. Haukuona?"

"Niliona. Mama mukwe wako njo alikulazimisha."

Akalia. Nilimuacha alie mpaka kamasi zikafika mudomoni, kisha nikamupangusa, ju ni mikono yangu na haijui kukaa bure mbele ya machozi yake. Nikamwambia ana roho ya mawe, na nikamupakulia chakula.

Sasa Furaha ako na mimba, karibu azae. Na mama mukwe wake amenitumia mutu. Alisikia kwamba ninajua kuogesha batoto bachanga na kumukanda muzazi tumbo. Anataka kuniajiri, nilale chumba cha nyuma ya jikoni. Furaha mwenyewe akanitumia sauti kwa simu ya jirani. "Kubali, koko. Utamushika mutoto kila siku. Ila usimwite kitukuu mbele yao."

Jirani anasema niende nimwambie yule mama ukweli wote. Lakini mahari yalipokelewa na mutu aliyedanganya kwamba mi siko. Mukwe akijua, anaweza kumurudisha Furaha na tumbo lake mulangoni kwangu, na mutoto abakie kwao. Nikinyamaza na kwenda, nitabeba damu yangu mikononi kama mutu wa mushahara, na siku moja huyo mutoto ataniita kwa mudomo wake mama wa kazi. Nikikataa, bataajiri mwengine, na mutoto ataogeshwa na mikono nisiyoijua.

Piki ya kwao inakuja kunichukua Jumatatu. Kifurushi nimekifunga, nikakifungua, nikakifunga tena. Nishaurini, bajukuu bangu: nipande ile piki, ao nikae? Na hakuna mutu aniambie nimusamehe. Kusamehe nilishafanya, ile siku nilimupakulia chakula. Nauliza tu ju ya piki.