Bi Kengele na Kitambaa cha Njano

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba yaliyotokea siku ile yalikuwa bahati mbaya. Yalikuwa na tarakimu zake, na tarakimu hizo nilikuwa nazo mbele ya macho. Waliotangaza baadaye kwamba kulitokea kasoro ya kiufundi waseme wanavyotaka. Kasoro yenyewe ilikuwa watu wawili, na mmoja wao ni mimi.

Mwingine alikuwa karani wa shule yetu. Wanafunzi walimwita Bi Kengele, na sisi walimu tukafuata, maana kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyetoka ofisini kugonga kengele ya shaba, na hakuwahi kuchelewa hata dakika moja. Mwalimu mkuu alirekebisha saa yake kwa kengele ile. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, penseli mbili zimechomekwa kwenye nywele, na hakuwa mtu wa kumumunya maneno. Siku niliyoripoti kazini, mgeni kabisa, alinitazama miguuni akasema, "Mwalimu, hivyo viatu ni vya kufundishia au vya harusini?" Tangu hapo tukawa chanda na pete. Yeye akaniita mdogo wangu, mimi nikamwita dada.

Ni yeye aliyeniingiza kwenye kazi ya kuhesabu mizunguko uwanjani. Watu hudhani mkimbiaji wa mbio ndefu anajihesabia mwenyewe. Hawezi. Mita elfu kumi ni mizunguko ishirini na mitano, na ukishapita wa kumi na tano kichwa hakina kazi nyingine ila kuibembeleza miguu. Kwa hiyo kando ya mstari wa kumalizia huwekwa meza, na mezani wanakaa watu wenye karatasi, kila mmoja na wakimbiaji wake wanne. Mtu wa saa anasoma muda kwa sauti, nawe unauandika mkimbiaji wako anapopita. Anayehesabu kinara anataja mizunguko iliyobaki, ubao unabadilishwa, na ukibaki mmoja kengele inapigwa.

Bi Kengele alikuwa na mtindo wake katika kazi hiyo, na aliufundisha kila aliyekaa meza moja naye. "Namba ya kifuani inajikunja," alikuwa akisema. "Inalowa jasho, inafunikwa na mkono. Wewe shika kitu kimoja. Soksi, mkanda wa kichwani, chochote. Ukishakishika usikiachie." Tulimtania, lakini karatasi yake haikuwahi kurudishwa.

Mtindo huo huo ndio uliomficha macho yalipoanza kumwacha.

Nilianza kugundua ofisini. Alimimina chai nje ya kikombe, akailaumu meza. Barua alizisoma zikiwa zimemgusa pua. Mwanafunzi akisimama mlangoni, anamwambia, "Sema jina lako kwa sauti, mimi si mganga." Mwishowe akaniambia mwenyewe: mtoto wa jicho, macho yote mawili, na siku ya kupasuliwa ameshapangiwa, wiki mbili baada ya mashindano ya bara.

"Mwambie mwamuzi mkuu," nikasema.

"Nimwambie nini? Mdogo wangu, bara zima linakuja kukimbia hapa kwetu, mara moja katika maisha yangu, halafu mimi nikasikilize redioni? Ni siku moja tu. Rangi naziona. Ninachokosa ni vitu vidogo vidogo."

Waandaaji wakataka kila mhesabu apimwe macho. Hapo ndipo nilipoingiza mkono wangu. Ubao wa herufi wa zahanati nilikuwa naufahamu, nilipimwa siku moja kabla yake, na herufi zake nilizinakili kwenye kiganja. Tukajifungia ofisini kwake, nikamkaririsha mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipokosea nilimpiga kofi mkononi, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Kesho yake alimsomea muuguzi ubao mzima bila kusita, hata mstari wa mwisho ambao wengi wetu ulitushinda. Muuguzi akampongeza, akagonga mhuri. Kicheko chetu kile sasa nikikikumbuka nasikia baridi.

Jioni ya kuamkia siku ya mbio, tulikuwa katika chumba cha chini ya jukwaa tukipanga karatasi, mwanamke mmoja akaja mlangoni. Alikuwa na kitambaa cha njano kichwani, mfupi, magoti yamejaa makovu. Alitusalimu vizuri, akasema ana miaka thelathini na mitatu, na kwamba katika mashindano haya ameshashika nafasi ya nne mara mbili. Hii ndiyo mara yake ya mwisho. Mwanawe alimwambia asirudi na nne nyingine.

"Nimesikia nyinyi ndio mnatuhesabia," akasema. "Nimeona nije niwaombe tu. Mama, mnihesabie vizuri."

"Wewe kimbia, mwanangu," Bi Kengele akamjibu. "Kuhesabu niachie mimi. Na hicho kitambaa usikivue."

Akaondoka akitabasamu. Nilitaka kumfuata nimwambie kitu, lakini nimwambie nini?

Kulipokucha, mitambo ya kuhesabu ya uwanjani ikagoma. Mafundi walifungua masanduku, wakafunga, wakafungua tena. Saa nane mchana mwamuzi mkuu, mzee mkali wa kauli fupi, akaja mezani kwetu akasema leo kila kitu ni karatasi. Mwenye kitambaa cha njano ndiye aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda, kwa hiyo akampa Bi Kengele, kwa kuwa ndiye anayemwamini zaidi. Mimi nilipewa mpinzani wake wa karibu, msichana mrefu wa soksi nyeusi. Kengele ya shaba, tuliyoiazima shuleni, ikawekwa mbele ya dada yangu.

Joto lilikuwa la kuunguza. Mizunguko kumi ya kwanza ilikwenda salama, na nikaanza kupumua. Kila kitambaa cha njano kilipopita, Bi Kengele aliandika na kutaja: kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu. Kufikia wa kumi na sita Kitambaa alikuwa ameshawaacha wote, soksi nyeusi akimfuata kwa mbali, na wale wa nyuma kabisa wameshapitwa mzunguko mzima wakawa wamechanganyika nao.

Mmoja wa hao wa nyuma alikuwa amevaa kofia ya njano.

Kitambaa akakamilisha wa kumi na saba. Bi Kengele akaandika, akasema, "Nane!" Ubao ukageuzwa. Halafu ile kofia ikapita, ikikokota miguu. Nikasikia penseli ikikwaruza karatasi mara ya pili. "Saba!"

Nikageuza shingo nikatazama karatasi yake. Dakika ishirini na moja na sekunde kumi na tano. Chini yake, dakika ishirini na moja na sekunde ishirini na nne. Mzunguko wa sekunde tisa. Hakuna mnyama wa kukimbia hivyo, sembuse mtu.

Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi: dada, umemwandika mara mbili. Maneno manne tu. Lakini mwamuzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu, na nikajua swali lake la kwanza lingekuwa, kwani huoni? Na la pili, nani alikupima? Nikajiambia dada atagundua mwenyewe. Kitambaa mwenyewe ataona ubao umeruka.

Wa kumi na nane. "Sita!" Kitambaa alitupia ubao jicho, uso ukakunjana kidogo, akaendelea. Aliyefika mzunguko wa kumi na nane hakiamini kichwa chake, anaamini ubao.

Wa kumi na tisa. Mwamuzi mkuu akapita mezani. "Karatasi ziko sawa?"

"Sawa," wakajibu wenzangu mmoja mmoja.

"Sawa," nikasema mimi.

Wa ishirini. Wa ishirini na moja. Jasho lilinitiririka mpaka likalowanisha karatasi yangu, na bado nilikuwa naandika muda wa soksi nyeusi kwa mwandiko mzuri, kila tarakimu mahali pake. Nikaugusa mkono wa dada yangu. Akautoa. "Usinichanganye sasa," akanong'ona. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na furaha hiyo ikanifunga mdomo kabisa. Wa ishirini na mbili.

Wa ishirini na tatu akaipiga kengele.

Aliipiga kama alivyoipiga miaka yote ile, mapigo mafupi, bila papara. Kitambaa akaachia miguu yote. Alikimbia kama mtu anayekimbilia nyumbani kwake, watu wakasimama, wakapiga kelele, na mimi nikasimama pia, nikapaza sauti, "Bado! Bado mmoja!" Nani angenisikia? Niliongeza kelele tu kwenye kelele.

Akavuka mstari, akapiga magoti, akakivua kile kitambaa akajifunika nacho usoni. Mabega yalikuwa yakitetemeka.

Bi Kengele akanishika mkono. "Ameshinda," akasema. "Niambie, anafanya nini? Analia?"

Soksi nyeusi akapita mbele yetu, nami, mhesabu wake, nikaandika: ishirini na nne. Hakusimama. Wa tatu akapita, wa nne akapita. Dada yangu aligeuza kichwa akifuata ile miguu. Macho yalimwacha, masikio hayakumwacha.

"Hao wanakwenda wapi?" akauliza. "Kengele si imeshalia?"

Mwamuzi mkuu alikuwa ameshainama juu ya Kitambaa, akimwonyesha njia kwa kidole. Aliinuka. Miguu ilikataa, akaanguka, akainuka tena. Alimaliza wa tisa, akitembea, kitambaa mkononi.

Walituondoa mezani sote wawili. Tukakaa kwenye kile chumba cha chini ya jukwaa, karatasi zake mapajani mwangu. Akaniambia nimsomee, nikamsomea. Nilipofika kwenye zile sekunde tisa akanizuia kwa mkono.

"Wewe uliona lini?"

"Pale pale. Wa kumi na saba."

Hakupiga kelele. Aliinua kiganja mbele ya macho yake, karibu sana na uso, akaanza kukunja kidole kimoja kimoja. Wa kumi na nane. Wa kumi na tisa. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akainua mkono wa pili.

"Mizunguko sita mpaka mwisho wa wa ishirini na tatu, na ulikuwa unaona," akasema.