Pointi Yangu Moja kwa Mama wa Kijapani

Leo nimeshangilia mpaka mtandio ukanidondoka, na sasa sijui niuweke wapi uso wangu.

Mnanijua. Pale ukumbini kwetu Bellevue, kwenye tebo tenisi, wanaume wote nimeshawafunga. Wote!

Basi leo Papa Dieudo, yule fundi cherehani Mkongo, kaja na mteja wake, mama mmoja wa Kijapani. Mvi, miwani, soksi za maua.

"Dada Zaina, cheza na huyu maman. Lakini umwonee huruma, eh?"

Nikamwambia mama asiogope, nitampigia polepole.

Akainama kwa heshima.

Eish.

Anayefikisha kumi na moja ndiye mshindi. Kufumba na kufumbua, yeye ana kumi, mimi sina kitu. Mpira sikuuona, niliusikia tu.

Halafu akaanzisha yeye, mpira ukanasa kwenye wavu. Pointi yangu!

Jamani, nilipiga vigelegele. Nilimkumbatia sekyuriti. Nilitoka mbio mpaka spaza, kile kiduka cha jirani, kuwatangazia!

Nikarudi, akanimaliza.

Papa Dieudo, machozi ya kicheko yanamtoka, ndiyo ananieleza: huyu alianza akiwa na miaka sita, akachezea taifa lao mpaka magoti yalipogoma. Na kwa wachezaji wakubwa ni adabu, ukimzidi mtu kumi bila, unamwachia moja makusudi ili asiaibike.

Asiaibike! Na spaza nzima inajua!

Haya, chekeni.

Ila mama kaniomba nimfundishe vigelegele. Anasema katika vikombe vyake vyote, hakuna alichokifurahia kama nilivyoifurahia ile pointi yake ya msaada.