Anayejua Alipolala Kambale

Asubuhi ile tulipakia maharage Rutshuru kama kila siku ya soko. Mume wangu Kambale aliendesha lori lake mwenyewe na alilipenda kupita kiasi. Nilimtania kwamba kama lingeweza kuingia mlangoni, angelilaza kitandani na mimi ningelala uani. Alicheka, nikapanda mbele kando yake, tukashika njia ya Goma.

Kwenye shamba la kahawa wapiganaji walitusimamisha. Aliyefungua mlango alikuwa Bahati, kinyozi wa soko letu. Kambale alikuwa akinyolewa kwake.

“Mama Kavira, shuka,” alisema. “Enda. Usiangalie nyuma.”

Nilishuka. Nilikwenda.

Risasi zililia nyuma yangu. Sikugeuka.

Nilifika Goma kwa miguu, nikapata chumba katika mtaa wa Mabanga. Baadaye mama mkwe alinifuata, akiwa na binti yangu Kavira mgongoni. Katika ukoo wao matanga hayaondolewi kabla wafiwa hawajasimama pale marehemu alipozikwa. Mwili wa Kambale haukuonekana, kwa hiyo mama mkwe alivaa nguo nyeusi, akasubiri. Kila mtu aliyetoka Rutshuru alikutana na swali lake: mutoto wangu alilala wapi?

Kisha amani ikatiwa saini, mbali, na watu tusiowajua. Mabanga watu walicheza barabarani, nami nilicheza. Kwa nini nisicheze? Vita vilikuwa vimenichosha. Majeshi yaliyokuwa yakiuana yakachanganywa kuwa jeshi moja, na kwenye mikutano tukaambiwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni rahisi kusema kama hujafiwa.

Siku moja Bahati alisimama mbele ya meza yangu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, amevaa sare mpya, cheo begani.

“Mama Kavira. Uko muzima.”

“Niko muzima, komanda.” Nilimchukia. “Mama ya Kambale anauliza mutoto wake alilala wapi.”

Aliwatazama walinzi wake, akainama karibu nami. “Ile mambo serikali ilisamehe.”

“Sitaki kukushitaki. Unionyeshe tu fasi alilala.”

“Bale tulikuwa nabo siku ile bote bamekufa. Niko najua peke yangu. Ngojea amani ikomae, mama. Nikikuonyesha leo, batu batauliza, na cheo yangu itaenda.”

Nilingoja. Ningefanya nini? Mwenye nguvu mpishe. Kila nilipomwona nilimsalimu kwa heshima, na kila mara aliniambia bado kidogo.

Amani haikukomaa. Baadhi ya waliosamehewa waligombana juu ya vyeo, wakarudi msituni na bunduki za serikali, Bahati akiwa kati yao. Watu wa Rutshuru wakajaa tena kambi ya Kanyaruchinya, chini ya mahema, wengine wakiwa ndio kwanza wamemaliza kuezeka nyumba zao upya. Siwalaumu sana wale waliotia saini. Walinyamazisha risasi kwa muda, na katika muda huo Kavira alisoma, akajua kuandika jina la baba yake. Lakini walisamehe kwa niaba yetu bila kutuuliza, na hakuna aliyekumbuka kuwadai wale waliosamehewa watuonyeshe makaburi.

Mama mkwe angali katika nguo nyeusi. Redio ikitangaza kwamba wapiganaji wameuawa, majirani hushangilia. Sisi tunaogopa kusikia jina la Bahati. Bahati akifa, ameondoka na Kambale mara ya pili.

Kila Jumapili tunapiga magoti kanisani, mama mkwe na mimi, tunamwombea Bahati uhai. Yeye humtaja kwa jina. Mimi bado nashindwa. Nasema tu, Mungu, umtunze yule.