Kikohozi Ndani ya Treni ya Mizimu

Kwanza nikwambie, pombe sinywi, homa sikuwa nayo, na wala haukuwa usiku. Ilikuwa saa tisa alasiri, hapa hapa Tukuyu, watu wanauza ndizi barabarani. Ukitaka kucheka cheka sasa hivi, ukimaliza tuendelee. Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenipata mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na chumba Bulyaga, hapa hapa mjini, nashona sare za shule na magauni ya kwaya, na kwa miaka minne nilishona mizimu. Usinitolee macho. Kuna mfanyabiashara mmoja, Salum, babu zake walitoka pwani, ana treni za kutisha tatu. Ni vibehewa vidogo vinavyopita kwenye reli ndani ya giza, huku na huku mizimu ya plastiki inakurukia, spika zinapiga mayowe, watoto wanalia, wakubwa wanajifanya wanacheka. Moja iko Dar, kwenye hoteli ya ufukweni. Ya pili iko Mbeya, kwenye bustani ya mapumziko. Ya tatu ndiyo masikini yao, iko hapa kwetu ndani ya ghala la zamani la kahawa. Sanda zote nimeshona mimi, na zikichanika naitwa mimi.

Kwa hiyo nikisema nazijua, nazijua. Ile ya Dar ndiyo tajiri. Ina mizimu kumi na miwili, moshi wa mashine, jeneza linalofunguka lenyewe, na abiria anafungwa mkanda kama wa kwenye gari, ukibonyeza unafunguka. Lakini haitishi hata kidogo. Watu wanatoka mle wanatazama picha walizojipiga. Ya Mbeya ina mizimu saba, miwili haijasogea tangu iwekwe, na abiria anajishikilia kamba tu. Hiyo angalau inatisha kidogo, kwa sababu reli imepinda na unadhani utadondoka. Ya Tukuyu ina mizimu mitano, vibehewa vinne, na ukungu unaoingia mlangoni bila mashine. Halafu ina chuma. Vijana wa hapa walikuwa wanaruka nje katikati ya safari kwenda kuipiga mizimu ngumi, basi Salum akaweka chuma cha kulaza mapajani. Kinakandamizwa kwa mkono mpaka komeo liingie, na komeo lenyewe liko nje, abiria halifikii. Usikisahau hicho chuma.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutanielewa.

Niliolewa Kawetele. Kama ni mtu wa huku unajua, kama si wa huku nikueleze: kwa mila ya Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Haongei naye, hali naye, hapiti mbele yake. Mabinti wa siku hizi wanapiga nao picha, sawa, lakini nyumba niliyoolewa mimi ilikuwa ya zamani kabisa. Miaka kumi na sita nimempikia yule mzee na sura yake siijui. Niliijua miguu yake, na nilikijua kikohozi chake. Maana alikuwa muungwana. Kila akitaka kupita uani anakohoa kwanza, mara mbili fupi na moja ndefu, nami najitupia kitenge kichwani, naingia migombani mpaka apite. Tuliishi hivyo bila ugomvi hata siku moja. Nilimpenda, na niliamini ananipenda, kwa hicho kikohozi tu.

Siku moja watu wa nyumbani wote walikwenda msibani kijiji cha pili. Tulibaki wawili, yeye kifua kinambana, mimi jikoni namenya ndizi. Akakohoa. Nikainuka, kitenge kichwani, nikaingia migombani. Akakohoa tena. Nikajua ananihimiza, nikasogea mbali zaidi. Kikohozi kikaendelea, nami nikasema moyoni, leo mzee ana nini, mbona hapiti? Nikasimama kule mpaka mvua ikanilowanisha. Kilipokoma nikashukuru kwamba amepita, nikarudi jikoni kwa nyuma bila kuinua macho.

Mama mkwe aliporudi ndiye aliyepiga ukelele. Mzee alikuwa kizingitini, amelala kifudifudi, mkono ameunyoosha kuelekea jikoni kwangu. Hakuwa anataka kupita. Alikuwa ananiita, na mimi nilimkimbia kwa heshima.

Niliwaambia nilikuwa shambani, sikusikia kitu. Nao wakaamini. Kwenye mazishi nilijifunika mwanzo mpaka mwisho, na akina mama wakanisifu, wakasema huyu ndiye mkamwana, hata maiti ya mkwe wake hakuitazama. Niamini, sifa ile iliniuma kuliko kutukanwa.

Mume wangu akarudi Dar kwenye ujenzi wake. Simu zikawa za kila wiki, kisha za kila mwezi, kisha za sikukuu. Mama mkwe naye mwaka uliofuata akamfuata mzee, na watoto Mungu hakutujalia. Nikafunga nyumba, nikahamia Bulyaga na cherehani yangu. Umewahi kuzima cherehani jioni ukasikia chumba kilivyo kimya? Ndiyo maana kazi ya Salum niliipenda. Nilikuwa naiongelesha ile mizimu huku naivalisha. Hakuna mwingine aliyekuwa ananisikiliza.

Sasa siku yenyewe. Mvua ya Tukuyu unaijua, ikianza haiulizi kama umeanua. Wateja hakuna. Nilikuwa pale ghalani, nimemaliza kushona pazia la kuning'iniza mbele ya jeneza la treni yetu, Salum akaniambia, "Fundi, hebu panda uzunguke mara moja, uone kama pazia linanasa." Nikapanda kibehewa cha mbele, peke yangu. Akakandamiza chuma mapajani, komeo likaingia. Vibehewa vitatu vya nyuma vilikuwa vitupu na vyuma vyake vimeinuliwa juu. Niliviona kwa macho yangu haya.

Mzimu wa kwanza ukaniinamia, nikauambia mshono wako wa begani umeachia, kesho nitakushikiza. Wa pili, wa tatu, salama. Tulipofika kwenye jeneza umeme ukakatika. Hilo nalo ni la kawaida. Spika zikanyamaza, treni ikasimama, giza likawa lile la kutoona mkono wako. Nikamsikia Salum kwa mbali, "Tulia fundi, nawasha jenereta." Kisha ikabaki mvua juu ya bati.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mara mbili fupi, na moja ndefu.

Mwili wangu haukuniuliza. Nilishtukia kitenge kiko kichwani na miguu inainuka ikimbie. Chuma kikanirudisha chini. Nikakisukuma, nikakivuta, kucha mbili zikang'oka. Dar ningebonyeza mkanda. Mbeya ningeachia kamba nikaenda zangu, na leo nisingekuwa na cha kukusimulia. Ni hapa tu, kwenye treni masikini kuliko zote, ndipo nilipokosa pa kukimbilia.

Kikohozi kikaja tena. Na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, kwa mara ya kwanza nilikisikiliza. Ile ndefu haikuwa ya kuomba njia. Ilikuwa ya mtu anayevuta hewa na haipati. Nikasikia harufu ya tumbaku yake na ya koti lake la sufu lililolowa. Nani angeniwekea harufu mle ndani, Salum anayebania hata balbu?

Niliogopa, sikufichi, lakini si yeye niliyemwogopa. Niliogopa kwamba nitanyamaza tena, na yeye afe tena huku namsikia.

"Tata," nikasema. Baba, kwa kwetu. Ndilo lilikuwa neno la kwanza maishani mwangu kumwambia. "Tata, nipo hapa. Sikimbii."

Kikohozi kikakatika katikati. Nikasikia pumzi inashuka taratibu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Halafu sauti ndogo, iliyochoka, ikasema, "Ndaga, mwanangu." Asante, mwanangu. Hilo tu, hakuongeza.

Jenereta ikaunguruma, taa zikawaka, treni ikaanza kwenda. Ningegeuka ningemwona. Sikugeuka. Shingo ilikataa. Miaka kumi na sita ya adabu haitoki shingoni kwa dakika moja.

Nilipofika nje Salum alikuja kunifungua, akatazama nyuma, akasimama. "Fundi, ulimpandisha nani?" Kibehewa cha mwisho chuma kilikuwa chini, komeo limeingia. Chuma kile hakijifungi chenyewe, nimeshakwambia. Na kiti kilikuwa kimelowa, wakati bati la upande ule halivuji.

Mizimu sijaishona tena. Nilirudi Kawetele, nikafungua nyumba, nikapalilia migomba, nikasafisha kaburi lake lililo kando ya ua. Nilimpigia simu mume wangu nikamweleza ukweli wote, wa siku ile na wa kwenye treni. Akasema, "Sawa," akakata. Hajapiga tena, na simlaumu.

Siku hizi mtu akikohoa popote, kanisani, dukani, foleni ya zahanati, nainuka kwenda kumtazama. Wengine wanadhani nina kasoro. Na kila siku saa tisa naketi kizingitini pale alipoangukia, nasema, "Tata, nipo." Nasubiri. Hakohoi. Alipokuwa ananiita nilimkimbia, sasa namwita mimi na hakuna anayejibu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, heshima ni kitu kizuri, ishike. Lakini ukisikia mzee anakohoa nje ya mlango wako, toka kwanza umwangalie usoni. Kumtazama mkwe ni kosa lenye faini, utatoa kuku, wazee watakula, yataisha. La kutomtazama nimewauliza wazee wote wa ukoo, na hakuna hata mmoja anayejua faini yake.